Kadi ya Picha Inaweza Kusubiri

Ingia duka lolote la kompyuta Kariakoo au Luthuli Avenue, sema unataka mashine ya gemu, na swali la kwanza litakuwa: unataka kadi gani? Muuzaji analipenda swali hilo kwa sababu kadi ya picha ndiyo kifaa cha bei kubwa kuliko vyote dukani. Mnunuzi naye analipenda kwa sababu kadi ndiyo inayotajwa kila mahali vijana wanapozungumza gemu. Mwenye fedha nyingi akilijibu, hana cha kupoteza. Mwenye bajeti ndogo akilijibu, nusu ya fedha inaishia kwenye kadi, na kinachobaki kinagawanywa kwa pawa saplai isiyojulikana ilikotoka, ubao mama wa zamani usiopokea prosesa nyingine, na kipande kimoja cha RAM. Mashine inawaka, gemu inacheza, na mwaka unaofuata huwezi kuongeza chochote bila kubomoa kingine.

Napendekeza tupange manunuzi kwa kipimo tofauti: ugumu wa kubadilisha. Kadi ya picha inatoka kwa skrubu moja au mbili na kubonyeza kishikio kidogo cha plastiki. RAM na SSD ni hivyohivyo. Lakini anayetaka kubadilisha ubao mama anafungua mashine nzima, na mara nyingi prosesa na RAM zinaondoka nao, kwa sababu soketi si ileile na aina ya RAM si ileile. Pawa saplai nayo imefunga nyaya zake kila kona ya kasha. Basi fedha za awamu ya kwanza ziende kwenye vile vitakavyokaa miaka mingi, na kadi isubiri awamu ya pili. Gemu utacheza hata kabla haijafika, nitaeleza namna.

Kabla ya yote, amua skrini. Wengi huiacha mwisho, ilhali ndiyo inayopanga kazi ya mashine nzima. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli milioni 2 na ushee. Ya 2560 kwa 1440 ina karibu milioni 3.7, na ya 4K inafika milioni 8.3. Pikseli zote hizo huchorwa upya katika kila fremu, kwa hiyo anayehama kutoka 1080 kwenda 4K ameitwisha kadi pikseli mara nne kabla hajagusa mipangilio ya gemu. Kisha kuna kasi. Skrini ya hezi 60 inaipa kila fremu milisekunde 16.7, ya hezi 144 inataka kila fremu iwe tayari ndani ya milisekunde 7 hivi. Kwa mashine ya kwanza, 1080 inatosha kabisa, na kama nyumbani kuna monita ya hezi 60 iliyotoka ofisini, anza nayo. Anayecheza Valorant au Counter-Strike 2 kwa ushindani ana sababu ya kutafuta 144. Anayecheza mpira na GTA V na wadogo zake sebuleni hana haraka hiyo, hata TV yenye HDMI itamfaa.

Sasa tufike kwenye kifaa ambacho sikubali kukipunguzia fedha: pawa saplai.

Umeme wa Tanzania umepangwa kuwa volti 230, wa Kenya 240, na aliyeishi huku anajua kwamba kinachotoka ukutani hakifuati karatasi kila siku. Ukikatika na kurudi, mara nyingi unarudi kwa kishindo. Kinachosimama kati ya kishindo hicho na vifaa vyako vyote ni hilo boksi la chuma lenye feni, na pawa saplai mbovu ikifa inaweza kuondoka na ubao mama na kadi kwa pamoja. Ndiyo maana namshangaa mtu anayenunua kadi ya laki kadhaa kisha anadai pawa saplai iwe "yoyote tu, bora iwake".

Ukiishika mkononi, igeuze usome karatasi iliyobandikwa ubavuni. Namba kubwa ya kwenye boksi, 500 au 600, iache kwanza. Tafuta safu iliyoandikwa +12V, kwa kuwa prosesa na kadi ya picha hupata karibu umeme wake wote hapo, kisha zidisha ampea za safu hiyo kwa 12. Utakutana na pawa saplai inayojiita ya wati 600 ambayo safu yake ya volti 12 ina ampea 20: hizo ni wati 240, basi. Ya kweli ya wati 550 huonyesha ampea 40 na zaidi, na hesabu yake inakaribia namba iliyoandikwa nje. Hesabu hii unaifanya kwa simu ukiwa umesimama kaunta, na hakuna muuzaji anayeweza kubishana nayo.

Geuza tena, tazama nyuma karibu na tundu la waya wa umeme. Nyingine zina swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Huo ni muundo wa zamani, na swichi ikiwa imeelekezwa 115 halafu ukachomeka kwenye umeme wetu, utasikia mlio, utanusa harufu, na jioni yako ya gemu imekwisha kabla haijaanza. Pawa saplai nzuri za siku hizi hazina swichi hiyo, zinajipanga zenyewe, na karatasi zake zitakuandikia volti 100 hadi 240, au 200 hadi 240. Kuhusu nembo ya 80 Plus, iheshimu kwa kiasi chake. Inapima ufanisi tu, yaani sehemu gani ya umeme wa ukutani inafika kwenye vifaa badala ya kupotea kama joto. Haikuambii kama humo ndani kuna kinga ya shoti inayofanya kazi.

Ukubwa gani unatosha? Prosesa nitakayoipendekeza imepangwa wati 65, kadi ya awamu ya pili wati 132. Jumlisha ubao mama, feni na SSD, mashine nzima ikichemka haizidi wati 300. Pawa saplai ya kweli ya wati 500 au 550 inabaki na nafasi ya kupumua, na anayekushawishi uchukue ya 850 anatafuta faida yake. Ukichukua ile ambayo nyaya zake zinachomoka, zitunze nyaya hizo na boksi lake. Usije ukachomeka waya wa kampuni nyingine kwa sababu umeingia vizuri: upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka, na waya usio wake unaweza kupeleka volti 12 mahali panapotakiwa volti 5 na kuunguza diski papo hapo.

UPS? Ndiyo, ila ujue unanunua nini. Ya VA 650 kwa kawaida hutoa wati 325 hadi 390, tena kwa dakika chache. Inatosha kuokoa gemu na kuzima mashine kwa utaratibu. Kama fedha haifiki, ianze pawa saplai nzuri, UPS ifuate.

Kinachofuata ni ubao mama, na hapa swali ni soketi. Kwa bajeti ndogo bado naelekea AM4 ya AMD. Soketi hii ilianza 2016, prosesa za Ryzen zikaingia 2017, na AMD iliendelea kuitolea prosesa mpya hadi 2025. Ndiyo, imefika mwisho wa safari, na mrithi wake, AM5, alitoka 2022. Lakini AM5 inapokea RAM ya DDR5 peke yake, na mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipaa duniani kote baada ya viwanda kuelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili unde. DDR4 nayo ilipanda, ila ina kitu ambacho DDR5 haina bado: mitumba mingi. Miaka yote hiyo ya AM4 imeacha sokoni prosesa, bodi na RAM za kutosha, na mtu anayeanza na prosesa ya kawaida leo anaweza baadaye kupandisha Ryzen 7 5700X3D iliyotumika juu ya ubao uleule.

Bodi za A520 na B550 zinafaa. Ya A520 ni nafuu na mara nyingi ina nafasi mbili tu za RAM. Ya B550 huwa na nne mara nyingi, na inaruhusu PCIe 4.0, njia ya kasi zaidi kwa kadi na SSD. Za B450 ni nzuri pia lakini zilitoka 2018, kabla ya Ryzen za mfululizo wa 5000, kwa hiyo iliyokaa dukani miaka mingi huenda isiitambue prosesa yako mpaka BIOS yake, yaani programu ya kuiwasha, isasishwe. Muulize muuzaji aiwashe na prosesa hiyohiyo unayoinunua, mbele yako. Akisema atakusasishia kesho, lipa kesho.

Prosesa ninayoitaka kwa awamu ya kwanza ni Ryzen 5 5600G. Ina kora 6 na nyuzi 12, na muhimu zaidi, herufi G inamaanisha ndani yake kuna sehemu ya picha. Unachomeka waya wa skrini kwenye ubao mama na gemu inaanza bila kadi yoyote. Tusidanganyane kuhusu nguvu yake. Valorant, Dota 2 na GTA V zinacheza vizuri kwenye 1080 ukishusha mipangilio. Cyberpunk 2077 utaiangalia tu kwenye video za wengine kwa sasa. Ina gharama mbili za baadaye pia: kache yake ya ngazi ya tatu ni megabaiti 16 wakati 5600 ya kawaida ina 32, na inaishia PCIe 3.0 hata ukiiweka kwenye bodi ya B550. Kadi ikija, utapoteza fremu kadhaa ukilinganisha na mwenye 5600. Naona ni bei ya haki kwa kupewa mashine inayocheza tangu siku ya kwanza.

Jihadhari na herufi nyingine, F, upande wa Intel. Core i3-12100F ya 2022 ni prosesa ndogo yenye ushujaa, na mtu mwenye kadi tayari atafurahi nayo. Ila F inasema haina sehemu ya picha hata kidogo. Anayeinunua kwa unafuu wake kisha akafika nyumbani bila kadi ataona feni zinazunguka na skrini nyeusi, na atamrudia fundi akidai ameuziwa kitu kibovu.

Kwa kuwa 5600G inachora picha kwa kutumia RAM ya mashine, RAM si mahali pa kubahatisha. Nunua vipande viwili vya gigabaiti 8, si kimoja cha 16. DDR4 ya 3200 ikiwa kipande kimoja hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Viwili vikifanya kazi sambamba vinapitisha 51.2, na kwenye gemu tofauti hiyo unaiona kwa macho. Bodi yenye nafasi nne itakutaka utumie ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kisha ingia BIOS uwashe XMP, mpangilio wa kasi ya RAM, la sivyo RAM uliyolipia 3200 itatembea 2133 au 2400 maisha yake yote, na hakuna atakayekuambia.

SSD na kasha nitavipitia haraka. SSD yoyote ya jina linalojulikana ni hatua kubwa kutoka diski ya zamani inayozunguka. Ya SATA inasoma karibu megabaiti 550 kwa sekunde, ya NVMe inafika elfu kadhaa, lakini kwenye gemu nyingi unachohisi ni sekunde chache za kusubiri. Gigabaiti 500 zitajaa upesi, basi kama terabaiti 1 inawezekana, ichukue. Kasha liwe na uso wa wavu. Yale yenye kioo mbele na taa za rangi yanapendeza dukani, ila Dar es Salaam na Mombasa mwezi wa Januari hewa haina pa kuingilia, na utasikia feni zikilia hadi chumba cha pili. Kasha baya la wavu linashinda zuri la kioo.

Kuna njia nyingine ambayo siwezi kuipita, kwa sababu kwa wengi ndiyo pekee inayowezekana: kompyuta ya ofisi iliyotumika Uingereza au Ulaya, Dell OptiPlex au HP EliteDesk, kisha unaiongezea kadi. Kwa bei ni vigumu kuishinda. Ubaya wake ni kwamba inakwenda kinyume na kanuni yangu yote. Kwenye nyingi kati ya hizi, pawa saplai haifuati vipimo vya kawaida. OptiPlex 9020, kwa mfano, hupeleka umeme kwenye ubao mama kwa kiunganishi cha pini 8 badala ya 24, na ile ya mnara inatoa wati 290. Kwa hiyo kadi yako lazima iishi kwa wati 75 ambazo nafasi ya PCIe yenyewe inatoa, bila waya wa ziada. Hapo ndipo GTX 1050 Ti na GTX 1650 zilipojijengea jina, na hata kwa 1650 kagua, maana baadhi ya matoleo yake yana tundu la pini 6. Ukichukua mwili mwembamba badala ya mnara, kadi nayo lazima iwe fupi, na hizo ni chache na bei yake ina kiburi.

Ukifuata njia hiyo, angalia kizazi cha prosesa kabla ya rangi ya kasha. Windows 10 ilikoma kupewa msaada rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha 8 pamoja na TPM 2.0. Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, na gemu nyingine za ushindani zinaelekea hukohuko. OptiPlex 7060 au EliteDesk 800 G4 ni za kizazi hicho cha 8. Zilizotangulia, hata ziwe nafuu kiasi gani, ni za mtu asiyecheza mtandaoni.

Basi miezi imepita, fedha imepatikana, tununue kadi. Kwa mashine niliyoieleza ningetafuta RX 6600: ilitoka 2021, ina gigabaiti 8, inakula wati 132, na tundu moja la pini 8 linaitosha. RX 6500 XT itakuvutia kwa bei. Iache. Inatumia njia 4 tu za PCIe, na kwa kuwa 5600G inaishia PCIe 3.0, njia hizo 4 zinakuwa nyembamba zaidi, tena na gigabaiti 4 za kumbukumbu zinazojaa upesi. GTX za zamani nazo zina ukomo wake. Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 na Doom: The Dark Ages ya 2025 zinadai kadi yenye vifaa maalumu vya kufuatilia miale ya mwanga, na mfululizo wa GTX 16 hauna. Kwa anayecheza mpira na Counter-Strike hilo halimhusu, na GTX 1660 Super kwa bei nzuri ni kadi ya kuchukua bila aibu.

Nyingi utakazooneshwa zitakuwa zimetumika. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa sarafu ya kidijitali wa Ethereum uliacha kutegemea uchimbaji kwa kadi za picha, na kadi zilizokuwa zikichimba usiku na mchana zikamwagika sokoni. Baadhi zimefika huku. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu. Kinachochoka kwanza ni feni, na feni unaizungusha kwa kidole ukasikiliza.

Zinazostahili hofu ni za bandia. Muuzaji anakupa boksi lililoandikwa GTX 1050 Ti. Usiifungue hata Windows, tazama kwanza milango ya nyuma. Kizazi cha GTX 10 hakikuja na uwezo wa kutoa picha ya analogi, kwa hiyo ukiona tundu la buluu la VGA, umeshika kadi ya mwaka 2011 hivi iliyobadilishiwa BIOS ili ijitambulishe kwa jina la mdogo wake.

"Mbona ina VGA, boss?"

"Hiyo ni toleo maalumu, kaka. Washa uone, inaandika yenyewe."

Itaandika kweli, maana Windows husoma jina ambalo BIOS imeambiwa iseme. Beba programu ya GPU-Z kwenye flashi. Inachungulia chipu yenyewe, na kwa kadi nyingi za NVIDIA za namna hii inaweka neno FAKE mbele ya jina. Hata isipoweka, hesabu kora: 1050 Ti ina 768, na ukikuta 192 mazungumzo yameisha. Upande wa AMD kuna RX 580 yenye kora 2048, ambayo kwa nguvu ni RX 570 iliyopewa jina kubwa. RX 580 halisi ina 2304. Hiyo si bandia, AMD yenyewe iliitoa kwa soko la China mwaka 2018, ila usiilipie bei ya nyingine. Kisha omba gemu nzito ichezwe nusu saa ukiwa hapohapo. Madoa ya rangi, mistari, skrini inayozima na kurudi: kadi irudi kabatini.

Ukifika nyumbani, zima mashine, chomoa waya wa ukutani, ichomeke kadi mpaka kishikio kilie, kisha ipe waya wake wa pini 8. Waya wa skrini uutoe kwenye ubao mama uliouzoea na uuhamishie kwenye kadi yenyewe, chini kidogo. Wapo wanaousahau hapo juu na kucheza wiki nzima kwa picha ya 5600G huku wakimpigia muuzaji simu za lawama.